Mafaili Elfu Thelathini ya Mama Lwitiko

Jumanne asubuhi Tupokigwe alitoka chumbani amejifunga kaniki. Akaketi sakafuni kando ya mlango wa jikoni, miguu ameinyoosha mbele kama wanavyoketi wafiwa, na mumewe alipotokea na birika la chai akamuuliza kwa sauti ya chini, "Baba Lwitiko, watu wa msibani wameshakula?"

Ambakisye aliweka birika mezani. Alikuwa mpima barabara mstaafu wa miaka sabini na mmoja, mrefu, mwenye magoti yaliyokwisha kwa kupanda na kushuka milima ya Rungwe, na ilimchukua muda kufika pale chini alipokaa mkewe.

"Msiba gani, mke wangu?"

"Wa Lwitiko. Si tumemzika Ijumaa?" Alijigusa nyuma ya sikio la kushoto, mahali kilipobandikwa kikumbushi, kifaa kidogo kama punje ya hindi. "Kimeniambia nilipoamka. Ijumaa tarehe kumi na nne Machi umefunga ndoa. Ijumaa tarehe kumi na nne Machi umejifungua Lwitiko. Ijumaa tarehe kumi na nne Machi umemzika. Nimekaa kitandani najiuliza, hiyo ilikuwa siku ya namna gani? Mtu anaolewa, anazaa, anazika, jua halijazama?"

Ambakisye alimshika mkono. Lwitiko, mtoto wao wa kwanza, alikufa masika ya mwaka 2059, mlima ulipoporomoka juu ya barabara aliyokuwa akipita kwenda kazini. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Sasa ilikuwa 2081. Walishamlilia, wakanyamaza, wakazeeka. Na leo mama yake alikuwa ameketi sakafuni akianza upya, macho yamevimba, akiuliza kama wageni wamepewa chakula.

Kikumbushi kile alipewa kliniki miaka miwili nyuma, alipoanza kutia chumvi kwenye chai na kusahau njia ya kutoka kisimani. Kilikuwa kinasoma picha, barua na sauti zote alizowahi kuhifadhi, kinazipanga kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kila faili, kisha kinamnong'oneza: huyu anayeingia ni Atuganile, binti yako, fundi wa magari ya waya yapitayo juu ya mabonde, jana alikuletea maziwa. Mpangilio huo wa siku wenyewe waliuita uzi. Kwa uzi huo Tupokigwe alipika, alisalimia majirani kwa majina, alitania. Lakini kifaa hakikuwa na akili ya kubishana. Faili likisema jana, kwake ilikuwa jana.

Mwanzoni mwa Machi radi ilipiga nguzo ya nyumba na kuunguza kasha lililotunza mafaili. Fundi mmoja wa mjini aliyaokoa yote, elfu thelathini na ushee, akayanakili kwenye kasha jipya siku ya Ijumaa. Alijua kuokoa. Kulinda tarehe hakujua. Kila faili likachukua tarehe ya siku liliponakiliwa, na maisha ya mwanamke wa miaka sitini na minane yakageuka kuwa siku moja.

"Kivue basi," Atuganile alimwambia baba yake alipofika mchana na kumkuta mama yake bado sakafuni.

Walikivua. Siku ya kwanza Tupokigwe hakujua choo kilipo. Siku ya pili alimwita binti yake "dada" na kumuuliza kwa adabu kama anaweza kumsaidia kufika kwao. Atuganile, mwanamke wa miaka thelathini na minne anayening'inia kwenye nyaya juu ya mabonde bila kutetemeka, alitoka nje akalia kwenye migomba. Wakakirudisha, ila wakakizuia kunasa siku mpya mpaka uzi utakaponyooka.

* * *

Kampuni iliyotengeneza vikumbushi ilijibu kwa heshima kwamba wataalamu wao wangeweza kunyoosha uzi. Kungoja ilikuwa miezi saba, na malipo yake pensheni ya Ambakisye isingeyafikia hata akifunga kula. Akashukuru, akafunga mazungumzo, akamgeukia binti yake.

"Tunachohitaji ni kitu kimoja tu. Programu ya kubadili tarehe za mafaili mengi kwa mkupuo. Haiwezekani pasiwepo ya bei nafuu."

Zilikuwepo. Ya kwanza ilikuwa ya bure, ikabadili mafaili kumi, kisha ikasimama na kudai malipo kwa kila kumi yanayofuata. Ya pili ilibadili yote kwa dakika tatu, wakashangilia, ila kikumbushi hakikuona tofauti yoyote. Programu ilikuwa imegusa tarehe ya faili kubadilishwa, na kikumbushi kilisoma tarehe ya faili kuzaliwa. Ya tatu ilikuwa ya nchi ambako watu huandika mwezi kabla ya siku. Kwenye mafaili hamsini ya majaribio, harusi ya tarehe saba Agosti ikaangukia tarehe nane Julai, na Krismasi, kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini na tano, ikatoweka kabisa.

Siku hizo zote Tupokigwe aliamka kila asubuhi na msiba wa juzi. Hakuwa anakula vizuri. Kanga zilianza kumpwaya. Majirani walipopata habari hawakubishana naye. Walikuja kwa zamu, wawili watatu, wakakaa naye kwenye mkeka na kuimba nyimbo za kufariji kwa sauti ya chini, kisha wakanyanyuka kwenda kuchuma chai.

"Ndaga, pole, Mama Lwitiko, jikaze," walimwambia wakiaga.

Ambakisye alipowasindikiza hadi barabarani, mmoja wao alimshika kiwiko. "Baba Lwitiko, sisi tunaimba tu. Lakini yeye analia kweli. Mfanyieni jambo."

* * *

Aliyewapa njia alikuwa Bi Sikudhani, mama wa Kinyamwezi aliyefanya kazi ya kutunza kumbukumbu za serikali kabla ya kustaafu na kufungua kibanda cha vifaa vikuukuu kwenye soko la Mwanjelwa. Ambakisye alipanda gari la waya kutoka Tukuyu hadi Mbeya, kasha amelipakata mapajani. Bi Sikudhani alilifungua, akavaa miwani, akaangalia kwa muda, kisha akacheka kidogo.

"Usiogope, baba. Hujapoteza kitu. Sikiliza. Kila faili lina tarehe tatu. Ya kuzaliwa, ya kubadilishwa, na ya kufunguliwa mara ya mwisho. Hizo zimeandikwa nje, kama anwani juu ya bahasha. Picha nyingi zina na ya nne, imeandikwa ndani na kamera yenyewe. Huyo fundi wako amechafua bahasha tu. Barua imo."

Alitoa programu ndogo iliyoitwa Rejea, aliyoiandika mwenyewe enzi za kazi alipochoka kurekebisha faili moja moja. Ilisoma tarehe ya ndani na kuiandika nje, kwa mafaili yote mara moja. Kwa yasiyo na tarehe ya ndani, mtu aliipa orodha: jina la faili, tarehe yake, nayo ikafuata. Iliweza pia kusogeza kabrasha zima mbele au nyuma, kwa saa, siku au miaka. Bei yake ilikuwa sawa na mkungu mmoja wa ndizi na kilo mbili za sukari.

Ambakisye alikuwa tayari ameshatoa mkono kulipa. Bi Sikudhani hakuupokea.

"Kwanza niambie. Unataka kurudisha tarehe, au kubadilisha?"

"Kuna tofauti gani?"

"Kwa programu hakuna. Itaandika chochote utakachoiambia, haitakuuliza. Ndiyo maana namuuliza mtu."

"Kurudisha," Ambakisye alisema, na siku ile alikuwa anamaanisha.

"Basi chukua. Na umwekee mama yote kwa pamoja ukishamaliza. Ukimpa nusu, kichwa kitazidi kumchanganyika."

* * *

Picha elfu kumi na tisa zilijipanga zenyewe wakati maji ya chai hayajachemka. Kazi ilikuwa kwenye sauti.

Tupokigwe alifanya kazi miaka thelathini kwenye kituo cha kupima mvua, na alikuwa mpimaji wa mwisho kufanya kazi hiyo kwa mikono kabla mashine hazijachukua nafasi. Karatasi zililowana, kwa hiyo alikuwa anasema kipimo kwenye kinasa sauti pale pale uwanjani, kisha akifika nyumbani anaandika kwenye daftari. Faili moja kila siku, karibu elfu kumi na moja kwa jumla. Fundi aliyeokoa aliyapa majina ya namba zisizo na mpangilio, na Tupokigwe hakuwahi kutaja tarehe. Alisema tu, "Leo saa tatu asubuhi, milimita kumi na saba nukta nne."

Lakini madaftari yalikuwepo, yamefungwa kwa kamba juu ya kabati. Atuganile aliiamuru kompyuta isikilize sauti na kuandika kila kipimo, kisha wakalinganisha na madaftari. Penye mvua ilikuwa rahisi. Kiangazi ndicho kilichowatesa, kwa sababu "hakuna mvua" ya Agosti moja haina tofauti na ya Agosti nyingine.

Hayo Ambakisye aliyasikiliza mwenyewe, moja moja, kila siku kuanzia baada ya chai ya asubuhi mpaka saa kumi alasiri. Alijifunza kutafuta tarehe mahali pengine: mafua ya mkewe, kilio cha Atuganile mchanga mgongoni, kengele mpya ya kanisa, sauti ya Lwitiko ilipoanza kukwaruza na kuwa nzito. Miaka mingi ya ndoa yao alikuwa porini akipima barabara. Asubuhi hizi hakuwahi kuzisikia. Wakati mwingine alisahau kuandika. Alikaa tu, mikono kwenye magoti, akisikiliza mwanamke wa miaka thelathini na mitano akijiimbia polepole huku akipangusa chombo chake, hajui kwamba kinasa bado kinanasa.

Atuganile ndiye aliyegundua kosa la mwisho. "Baba, angalia. Kompyuta imesikia 'saa tatu' ikaandika saa tatu ya kizungu. Mama anapima mvua saa tisa za usiku kila siku kwa miaka thelathini!"

Walicheka mpaka Tupokigwe akawatazama kwa mshangao kutoka kwenye mkeka wake: watu gani hawa wanacheka msibani? Wakanyamaza kama watoto. Kisha Ambakisye akaiamuru programu isogeze kabrasha zima saa sita mbele, na asubuhi zote za mkewe zikarudi kwenye mwanga.

Katika daftari la 2059, kuanzia tarehe kumi na saba Aprili, kulikuwa na mistari kumi na moja mitupu. Na kulikuwa na sauti ya siku ya kumi na mbili, Tupokigwe akiongea na mkubwa wake wa kazi aliyetaka ajaze vipimo hivyo kwa kukadiria. "Sikuwepo, bwana. Nilikuwa namzika mwanangu. Mvua ilinyesha, lakini sikuipima, na siwezi kuandika nisichopima." Ambakisye aliirudia sauti hiyo mara mbili. Kisha akaiandikia tarehe yake.

* * *

Lilibaki kabrasha moja. Lilikuwa na picha na sauti za msiba, mafaili arobaini na mawili.

Atuganile alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha baba yake. Tupokigwe alikuwa ndani, amelala usingizi wa mchana na kaniki yake.

"Baba, usiliweke."

"Nisiliweke vipi? Mtu mzima aondolewe? Kijiji kizima kinamwita Mama Lwitiko. Atauliza Lwitiko ni nani."

"Sijasema tumwondoe. Acha kuzaliwa kwake, acha shule, acha kila kitu. Haya arobaini na mawili tu, yasogeze mbele. Miaka mia. Kikumbushi hakisemi yajayo, kinasema yaliyopita. Hakitayafikia." Akakishika kiti kwa mikono miwili. "Amelia majuma matano, baba. Kwa nini tumrudishie? Sisi tunaojua tunatosha."

Ambakisye alisugua magoti. Alimfikiria mkewe na mkubwa wake wa kazi, na mistari mitupu. Lakini mvua ni mvua, alijiambia, na mtoto ni mtoto. Alisikia kikohozi cha mkewe kutoka chumbani, kikavu, cha mtu asiyekula. Akaandika 2159. Programu haikuuliza kitu.

Siku iliyofuata Tupokigwe alitoka chumbani amevaa gauni la maua ya njano, akapita mlango wa jikoni bila kutazama sakafu, akamwambia mumewe, "Umechanganya majani mengi mno, Baba Lwitiko. Hii chai au dawa ya viroboto?"

Alikunywa vikombe viwili. Akala viazi. Adhuhuri majirani walipofika na nyuso za msiba aliwakaribisha kwa vigelegele, akawaambia Lwitiko yuko kazini mbali, anajenga barabara kama baba yake. Wale akina mama wakamtazama Ambakisye. Yeye akatazama migomba.

* * *

Furaha hiyo ilidumu siku nne. Ya tano akauliza kama Lwitiko amepiga simu. Ya sita akaandaa kitanda chake, akabadili shuka. Ya saba akauliza tena, na safari hii hakungoja jibu. Alimtazama mumewe usoni kwa muda mrefu, kisha akaenda kukoroga uji.

Siku ya tisa hakuwepo nyumbani. Ambakisye alizunguka kisimani, kanisani, kwa majirani. Saa nane mchana Atuganile alimpigia.

"Baba, njoo stesheni. Yuko hapa."

Alimkuta kwenye benchi la saruji, mahali magari ya waya yanapoibuka kwenye ukungu kutoka upande wa Mbeya. Alikuwa amepakata hotpoti ya wali, ameifunga kwa kitambaa cheupe. Gari lilikuja, milango ikafunguka, abiria wakashuka. Tupokigwe alisimama, akatazama kila uso hadi wa mwisho, akaketi.

"Tangu saa mbili asubuhi," Atuganile alinong'ona. Alikuwa bado amevaa mkanda wa kazi, mashavu yamelowa. "Magari kumi na tisa. Anasimama kila mara. Sikujua kama yuko hapa mpaka niliposhuka kutoka juu ya nguzo. Baba, haya ni mawazo yangu mimi."

"Vidole vilivyoandika ni vyangu." Akaenda akaketi karibu na mkewe.

Tupokigwe hakugeuka kumtazama. "Nimehesabu," alisema. "Kikumbushi kimeniambia. Aliondoka Aprili mwaka hamsini na tisa, na picha ipo, ana begi la bluu. Sasa ni themanini na moja. Miaka ishirini na miwili, Baba Lwitiko. Miaka ishirini na miwili mwanangu hajaniandikia hata neno." Mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua ncha ya kitambaa. "Nimemkosea nini? Wewe unajua. Mnajua wote, na mnanificha. Nilimpiga? Nilimfukuza?"

Ambakisye aliishika mikono hiyo. Alidhani amemwondolea kifo cha mtoto. Kumbe alikuwa amemwachia mtoto aliye hai asiyempenda.

"Hukumkosea chochote," alisema. "Twende nyumbani. Nitakueleza."

* * *

Alimweleza mwenyewe. Hakutaka asikie kutoka kwenye punje ya nyuma ya sikio. Walikaa kwenye kochi, Atuganile miguuni kwa mama yake, na Ambakisye akasema yote: mlima, barabara, simu iliyokuja mchana, jeneza, Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Aprili 2059. Kisha akasema na mengine: kwamba tarehe hiyo aliijua, na aliisogeza kwa mkono wake miaka mia mbele, kwa siku tisa.

Akaenda kwenye kompyuta, mbele yake, akaandika tarehe ya kweli. Alipokaa tena, kikumbushi kilikuwa kinanong'ona. Waliona midomo ya Tupokigwe ikifuatisha maneno.

Alilia. Hakupiga yowe wala kuomba kaniki. Machozi yalimtiririka tu na yeye akayaacha, kama mtu aliyepita mahali anapopafahamu. Mara mbili alitikisa kichwa. Ilichukua muda, kwa sababu baada ya Aprili ile kikumbushi kiliendelea. Kilikuwa na Mei ya kumwambia, na Juni, na mwaka uliofuata, Atuganile akifaulu mtihani, paa jipya, ndizi zilizopata ugonjwa na zikapona, safari ya kwenda kuona ziwa. Miaka ishirini na miwili ilipita mbele ya macho yake mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ulipopita uso wake ulizidi kutulia.

"Zamani," alisema mwishowe. "Ni zamani sana."

"Zamani, ndiyo."

"Na baada ya hapo niliishi."

"Uliishi, mama," alisema Atuganile. "Ulinilea."

Tupokigwe alipangusa uso kwa kiganja. "Nilicheka tena? Au nilikuwa mtu wa kununa tu?"

"Ulicheka," alisema Ambakisye.

"Lini?"

Majuma yote yale ya kusikiliza hayakuwa ya bure. Hakuhitaji kutafuta sana. Alifungua mwaka 2059, Novemba, tarehe tatu. Sauti ya Tupokigwe wa zamani ikajaza sebule, kavu, ya mtu anayefanya kazi kwa sababu kazi ipo: "Leo saa tatu asubuhi, milimita kumi na moja nukta... ngoja. We! We! Toka!" Vurugu za mabawa. "Baba Lwitiko! Jogoo anakunywa mvua yangu! Amekunywa... jamani, amekunywa milimita mbili nzima!" Na kisha kicheko. Kilianza kama kikohozi, kama mashine iliyokaa muda mrefu bila mafuta, kikakatika, kikaanza tena, mpaka kikamshinda na kinasa kikaanguka kwenye matope, na bado kicheko kilisikika kutoka juu.

Atuganile alikuwa wa kwanza kucheka. Tupokigwe aliinua kidole anyamaze, asikilize mpaka mwisho. Halafu akasema, "Rudisha."

Waliisikiliza mara sita. Mara ya sita alikuwa anajishika mbavu.

"Yule jogoo," alisema, "tulimla?"

"Krismasi ile ile," alisema Ambakisye.

"Vizuri."

* * *

Zilibaki zile siku tisa. Kikumbushi kilikuwa kimezinasa chenyewe, na tarehe zake zilikuwa sahihi kabisa.

"Naweza kuzitoa," Atuganile alisema kesho yake, kabla hajaenda kazini. "Benchi, hotpoti, vyote. Asijue kama tulimdanganya. Hiyo si kama ile, baba. Hiyo ni yetu tu."

Ambakisye alifikiria kidogo tu. "Ziache. Zilitokea."

Kwa hiyo kila asubuhi Tupokigwe alipoamka kifaa kilimwambia pamoja na mengine: mumeo alikuficha kifo cha Lwitiko siku tisa, kisha akakuambia ukweli. Na kila asubuhi alimfuata mumewe jikoni, mikono kiunoni.

"Baba Lwitiko, nimesikia habari zako."

"Naomba unisamehe, mke wangu."

"Siku tisa! Mtu mzima na mvi zako!"

"Naomba unisamehe."

Alimsuta vizuri, kwa ufundi, kila siku kwa maneno mapya. Siku moja alimnyima sukari. Siku nyingine alimsemea kwa majirani akiwa hapo hapo, nao wakamzomea kwa furaha. Ambakisye aliomba radhi Jumatatu, akaomba Jumanne, akaomba juma zima na juma lililofuata, wala hakumwambia hata mara moja kwamba jana alikwishamsamehe.

Kisha ikaja asubuhi ya mvua nyembamba. Alimsikia akitoka chumbani, akajiandaa. Tupokigwe alisimama mlangoni, kidole nyuma ya sikio, akimtazama akihangaika na birika na magoti yake mabovu.

"Siku tisa," alisema.

"Ndiyo. Naomba—"

"Ngoja. Mimi siku hizo nilikuwa nadhani Lwitiko yuko kazini. Atuganile yuko kwenye nguzo zake." Alikuja akaketi kwenye benchi la jikoni. "Wewe ulikuwa unamlilia na nani?"

Ambakisye alimgeukia. Birika lilikuwa linachemka, hakulitoa.

"Peke yangu," alisema.

Tupokigwe alisogea mpaka mwisho wa benchi, akapigapiga mahali palipobaki wazi.

"Njoo ukae hapa," alisema. "Chai itangoja."